Cheni Kumi za Kuka kwa Maikromita

Mwezi uliopita nilipeleka sketi kwa fundi mmoja mjini Eldoret, anikunjie pindo. Alipiga magoti mbele yangu, akatoa kipande bapa cha chaki ya bluu, akachora mstari kuzunguka magoti yangu. Chaki ile ina harufu yake: nta kidogo, vumbi kidogo, na kitu kama nguo mpya iliyokaa kabatini. Harufu iliponifikia sikuwa tena pale dukani. Nilikuwa jikoni kwa Kukhu, upande wa Yamumbi, nimesimama juu ya kigoda, mkono juu, nikiandika sifuri ukutani.

Kuka ndivyo tulivyomwita babu, na Kukhu ndivyo tulivyomwita nyanya. Walikuwa na shamba la ekari tano, na lilikuwa kitu pekee katika ukoo wetu ambacho mtu angeweza kukionyesha kwa kidole. Sisi tulikaa mjini, mtaa wa Munyaka, katika nyumba ya kupanga, baba akifanya kazi ya kupakia mbao kiwandani, mama akiuza mandazi kwenye beseni, akihama kila mara mwenye duka alipochoka kumwona mlangoni pake. Shule zilipofungwa tulipelekwa kwa Kuka. Huko kulikuwa na maziwa, na kulikuwa na binamu yangu Wanjala, ambaye alijua kupiga mluzi kwa pua.

Kuka alikuwa na uzoefu mmoja aliouvaa kama koti. Ujanani aliwabebea wapimaji cheni, wakati mashamba makubwa ya walowezi yalipokuwa yakikatwakatwa. Cheni ilikuwa mnyororo wa chuma wenye pete mia moja, na kazi yake ilikuwa kushika ncha moja, kutembea mbele mpaka mnyororo unyooke, kuchoma alama ardhini, kisha kuanza tena. Wapimaji waliondoka na cheni yao, lakini kipimo kilibaki kichwani mwa Kuka. Mita hakuzitaka. Ukimuuliza kanisa liko wapi, alikuambia ni cheni thelathini hivi, ukikata kwa jirani. Ng'ombe akipotea, alikuwa amepotea cheni nyingi. Wageni kutoka mjini walitoka kwake wakiwa wameelekezwa vizuri sana na hawajui pa kwenda.

Shamba lake lilikuwa na cheni kumi kandokando ya barabara ya murram, isiyo na lami. Kwenda chini liliteremka cheni tano hivi, likaishia kwenye kinamasi cha matete ambako hakuna aliyejali mpaka, kwa sababu hata mbuzi hawakupenda kufika. Ukifuata barabara, mwanzoni kulikuwa na boma la Kuka. Mwisho kabisa wa zile cheni kumi, kutoka barabarani mpaka kwenye matete, kulikuwa na ua wa kayaba, ule mti wa miiba mirefu na matunda ya njano yanayokunja uso. Ua huo ulikuwa mnene kuliko kitanda. Nje yake ilipita njia ya miguu iliyoungana na barabara pale konani, na asubuhi vibarua wengi waliipita.

Mwaka huo nikiwa darasa la saba, Kuka aliamua kuwagawia watoto wake shamba akiwa hai. Alikuwa na wana watatu. Baba mkubwa Zablon, baba yake Wanjala, alikuwa karani katika ofisi moja mjini na alivaa tai hata akija kunywa maziwa. Baba mdogo Timona alikuwa fundi wa baiskeli na mcheshi. Katikati yao alikuwa baba yangu, ambaye watu walisahau kumuuliza maswali kwa sababu alichelewa kujibu.

Na kulikuwa na shangazi Roda.

Shangazi Roda alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwa mume, mtoto mgongoni, cherehani kwenye mkokoteni, bila maelezo. Alilala na mtoto jikoni kwa Kukhu, na cherehani ililala pamoja nao, imefunikwa gunia dhidi ya moshi. Kila asubuhi aliiburuta nje, akaiweka chini ya paa la zizi, akashona. Mvua ikija aliirudisha. Nguo alizoshonea watu zilinuka moshi, na wateja walimwambia hivyo usoni. Alichokitaka ni kijumba chake mwenyewe chenye sakafu kavu. Hakuna ambaye hakuelewa hilo, na hakuna aliyelisema, kwa kuwa kwetu binti hakugawiwa shamba. Shamba lake lilikuwa kwa mume. Kama kwa mume hakukaliki, hilo lilikuwa jambo lingine, na watu waliangalia pembeni.

Jumapili moja baada ya kanisa Kuka alitoa neno. Sisi watoto tulikuwa chini ya dirisha tukimenya mahindi, kwa hiyo nililisikia lote.

"Cheni kumi. Mbili na nusu zangu na mama yenu. Mbili na nusu kila kijana. Ikibaki kitu, hiyo ni ya Roda."

Kisha nikamsikia baba mkubwa Zablon akicheka puani, kicheko cha mtu aliyemaliza hesabu kabla ya wenzake.

"Sawa, Mzee. Ikibaki, achukue. Sisi hatuna maneno."

Hata mimi niliijua hesabu ile. Kumi ukizigawa sehemu nne unapata mbili na nusu kamili. Hakuna kinachobaki. Nilimwangalia shangazi Roda, ambaye alikuwa mlangoni na sinia ya vikombe. Aliingia, akawagawia chai, akamwekea Zablon sukari mbili kama anavyopenda.

Wiki iliyofuata walipima. Zablon alikuja na tepi ya ofisini na kamba ya mkonge. Alinyoosha kamba kando ya tepi, akafunga fundo penye mita ishirini.

"Cheni ni mita ishirini na kitu," alisema. "Ishirini inatosha. Tusisumbuane na vitu vidogo."

Kila mtu alilijua hilo. Yamumbi nzima walisema hivyo hivyo: ishirini na kitu. Kuka macho yake yalikuwa yameanza kufifia, akabaki kwenye kiti mbele ya boma, akisikiliza wanawe wakihesabu kwa sauti wanavyozidi kwenda mbali. Timona alishika ncha ya nyuma, baba yangu ncha ya mbele, Zablon akapiga vigingi kwa nyundo. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya Kuka, ya pili ya Zablon, ya tatu ya Timona, na ya mwisho, ile inayopakana na kayaba, ilikuwa ya baba. Kigingi cha mwisho kilipoingia ardhini, matawi ya kayaba yalikuwa yanakigusa.

"Na hapa?" baba aliuliza, akionyesha miiba.

"Hapo ni pa kayaba," alisema Zablon, akakunja kamba.

Mama yangu alikuwa amekuja siku hiyo. Alisimama konani, pale njia ya miguu inapoungana na barabara, mikono kiunoni, akageuka huku na huku taratibu. Nilijua anachokiona. Alikuwa ameniambia tukiwa Munyaka, usiku tukikanda unga: tukipata kipande chetu, kibanda kitakaa pale, dirisha liangalie njia, na beseni lipumzike.

Sasa niwaambie habari ya Mwalimu Jerono, kwa maana bila yeye hakuna hadithi. Alitufundisha hisabati na alikuwa na mazoea ya kututeremsha ngazi. Ukimwambia kilomita, anataka mita. Ukimpa mita, anataka milimita. Halafu alitufundisha maikromita, ambayo haikuwamo hata kwenye mtaala: chukua milimita moja, igawe mara elfu. Aling'oa unywele wake mmoja akauinua juu darasa zima lione. "Upana wa huu ni maikromita kama sabini hivi," alisema, na kwa juma zima tulitembea tukivutana nywele.

Likizo hiyo alitupa kazi. Kila mmoja amuulize mzee wa kwao kipimo cha zamani cha shamba, akigeuze kiwe maikromita. Tuliporudi shuleni, mwenzangu mmoja alileta hatua za nyanya yake, ikabidi nyanya mwenyewe aje atembee mbele ya darasa. Mimi sikuwa na haja ya kuhangaika. Nilikuwa na Kuka.

"Kuka, cheni ni nini?"

"Futi sitini na sita." Hakuwaza hata kidogo. "Mpimaji akikosea, nilikuwa namwambia. Sitini na sita, wala si sitini na tano."

Karatasi zangu zilikuwa chache na namba ilikuwa ndefu, kwa hiyo shangazi Roda alinipa kipande cha chaki yake ya kushonea na kunionyesha ukuta wa jikoni. Ulikuwa ukuta wa udongo, mweusi kwa moshi, ubao mzuri kuliko wa shule. Nilipanda kigoda. Futi sitini na sita, kila futi inchi kumi na mbili: inchi 792. Kila inchi ni maikromita 25,400, hiyo Mwalimu Jerono alikuwa ametukaririsha mpaka tukaiota. Nikazidisha. Wanjala alikaa kwenye kuni akiniangalia kama mtu anayeangalia mwingine akipanda mti.

Jibu lilikuwa 20,116,800.

Siwezi kuwaeleza furaha iliyonipata. Cheni moja ya Kuka, kitu ambacho mtu hutembea akiwa anafikiria mambo mengine, ilikuwa na maikromita milioni ishirini na ushee. Nikazidisha kwa kumi. Shamba letu lilikuwa na zaidi ya milioni mia mbili kando ya barabara. Nilimtangazia Wanjala kwamba sisi si watu wadogo.

"Hizo milioni mia mbili zinalisha ng'ombe wangapi?" aliuliza.

"Ng'ombe hawahesabiwi hivyo."

"Basi ni za nini?"

Niliamini kwa moyo wote kwamba nimelikuza shamba. Niliona kwamba kadiri kipimo kinavyokuwa kidogo, ndivyo kitu chenyewe kinavyozidi kuwa kingi, na nilishangaa kwa nini watu wazima hugombana juu ya ekari wakati wangeweza kushuka ngazi na kila mtu akapata mamilioni.

Shangazi Roda alikuwa akikoroga ugali. Nilipomsomea namba yangu kwa sauti, mwiko ulisimama.

"Rudia hapo mwisho."

"Milioni ishirini, mia moja na kumi na sita elfu, na mia nane."

"Na kamba ya Baba Wanjala?"

"Hiyo ni mita ishirini. Milioni ishirini tu." Niliiandika chini yake, sifuri nyingi tupu, na nikaionea huruma kwa sababu haikuwa na kitu mkiani.

"Toa."

Nikatoa. 116,800.

"Hiyo ni ya cheni moja. Sisi tuna kumi."

Nikaongeza sifuri. 1,168,000. Niligeuka kumwangalia. Ugali ulikuwa umeanza kuungua pembeni na hakuugusa.

"Hiyo ni kubwa kiasi gani, Nekesa?"

Nilinyoosha mikono pande zote mbili kadiri inavyofika. "Ni milioni, Anti."

"Usiniambie milioni. Niambie kwa inchi."

Ilinichukua muda, maana kushuka ngazi ni rahisi kuliko kupanda. Nilipopata inchi arobaini na sita kasoro kidogo, nilisikitika. Milioni yangu yote ilikuwa imesinyaa. Shangazi alivua tepi ya nguo shingoni, ambayo aliivaa hata akienda kanisani, akaivuta mpaka arobaini na sita, akaishika mbele ya kifua chake kwa mikono miwili. Alikaa hivyo, kisha akacheka kidogo peke yake.

"Upana wa jora," alisema.

Kitambaa kingi alichonunua kilikuja na upana huo huo, inchi arobaini na tano au karibu. Alikuwa ameukata, ameupiga pasi na kuukunja tangu alipokuwa msichana, na nadhani wakati ule, pale kwenye moshi, aliiona ardhi hiyo jinsi ilivyo: jora limekunjuliwa kando ya kayaba, upana wa inchi arobaini na sita, urefu kutoka barabarani mpaka kwenye matete.

Jumapili iliyofuata wote walikuwa wamekusanyika sebuleni kwa Kuka, mama yangu akiwemo. Shangazi Roda aliweka sinia chini, hakutoka. Aliniita, akaniambia niseme hesabu yangu. Nilisimama mbele ya wazee nikaisema kama shairi la tamasha, bila kupumua, mpaka kwenye milioni moja na mia moja sitini na nane elfu.

Timona alikuwa wa kwanza kucheka. "Maiko nini? Huyo ni nani, Michael?"

"Maikromita," nilisema. "Unywele mmoja una sabini."

"Basi mimi sina kitu," alisema, akajipapasa kipara, na hata Kukhu akaficha uso kwenye leso.

Zablon hakucheka. "Mzee, huyu mtoto anafurisha shamba kwa namba. Mimi nimepima. Kumi kwa nne, hakuna kilichobaki. Tusipelekwe na vitu hata chawa hawezi kuviona."

"Wewe ulipima kwa nini?" Kuka aliuliza.

"Kwa kamba. Mita ishirini. Mzee, kila mtu anajua cheni ni mita ishirini na kitu."

"Na hiyo na kitu uliiweka wapi?"

Zablon alirekebisha tai. Kuka aligeuza uso, si kwake, bali upande ambao baba yangu huketi, karibu na mlango.

"Baba Nekesa. Wewe ulishika mbele ya kamba. Ulipofika mwisho, uliona nini?"

Baba alichelewa kama kawaida. Niliona mama akimwangalia. Angeweza kusema miiba. Ingekuwa kweli, na mambo yangeishia hapo, na ua wote ungekuwa ndani ya sehemu yetu.

"Kulibaki," alisema. "Kama mlango na kidogo. Kayaba imekalia yote."

Walitoka na mapanga. Sisi watoto tuliwafuata tukiwa na kelele kama za harusi. Ilikuwa lazima wapate bikoni, lile jiwe la mpaka, wajue kama kayaba imepandwa ndani ya shamba au juu ya mstari. Baba ndiye aliyeingia. Alilala kifudifudi, akakata mashina chini chini, akitambaa, mikono ya shati ikichanika. Tulimsikia akiguna humo ndani. Hatimaye panga liligonga kitu kigumu. Bikoni lilikuwa upande wa mbali kabisa, karibu na njia ya miguu. Ua mzima, unene wake wote, ulikuwa umesimama juu ya ardhi yetu. Shangazi Roda alipitisha tepi yake ya nguo kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye kigingi. Hakusema ni ngapi. Alimwachia Zablon ainame asome mwenyewe.

"Sawa," alisema Zablon aliponyanyuka. Lazima niseme alikuwa mtu wa neno lake. "Tulisema ikibaki ni yako. Imebaki. Chukua, Roda, ujenge."

"Atajenga nini hapo?" alisema Timona. "Atalala amesimama kama ufagio."

Watu walicheka, na kicheko hicho kilikuwa kibaya kwa sababu kilikuwa na ukweli. Mtu hajengi nyumba upana wa inchi arobaini na sita. Nilimwangalia shangazi nikitarajia alie. Yeye alikuwa akiangalia chini kando ya ua, kule mbali kwenye matete, jicho limefinywa kama anavyofanya akipanga kitambaa mezani.

"Hakuna mtu anashona nguo kwa urefu wa jora," alisema. "Unakata. Unaunganisha. Hii ukiikata vipande, ukiviweka pamoja, inatoa mita kumi kwa kumi na moja na zaidi. Hiyo ni nyumba. Lakini lazima mwenye shamba la kando achukue huu ukanda, anipe kipande kimoja mahali pengine. Kama hataki, mimi sina neno. Nitapanda vitunguu."

Mwenye shamba la kando alikuwa baba yangu.

"Hiyo ni rahisi," Zablon alisema, akiwa ameanza kutafuta mlango wa kutokea. "Mkatie huko chini, kwa kinamasi. Kipimo ni kile kile. Hakuna mtu amepoteza."

Na mimi, kwa kuwa niliulizwa siku hiyo na nilidhani bado naulizwa, nilisema kwa sauti, "Ni sawa tu, Baba. Maikromita ni zile zile."

Mama alikuwa amesimama konani, pale pale aliposimama siku ya kupima. Baba alifuta damu mkononi kwa upindo wa shati. Aliangalia kinamasi, akaangalia paa la zizi ambapo cherehani ilikuwa imefunikwa gunia, kisha akaangalia kona.

"Cherehani haiwezi kukaa kwa maji," alisema. "Mkateni hapa, kwa barabara."

Mama aliondoka. Hakugombana, aliondoka tu akielekea bomani, na nikamsikia akiosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Mimi nilimkimbilia nikamwambia, "Mama, umeona? Hesabu yangu imempa Anti nyumba." Alinishika kichwa kwa mkono wenye povu. "Nimeona," alisema.

Nyumba ilijengwa kabla ya mvua kubwa. Ilikuwa ya udongo na mabati, na nilijiona mwenye hisa ndani yake. Niliwaambia wenzangu shuleni kwamba nimejenga nyumba kwa hisabati. Baba alipata ukanda wake wa kayaba. Aling'oa mashina Jumamosi baada ya Jumamosi, akapata nafasi ya mistari michache ya mahindi, ambayo yalitoka membamba na ya njano kwa sababu mizizi iliyobaki ilikunywa maji yote. Sikuona ajabu. Kwenye akili yangu alikuwa ametoa mita za mraba 117 akapokea 117, na hesabu inayolingana pande zote mbili imekwisha.

Nilikua, nikaenda zangu, nikafanya kazi. Juzijuzi ndipo nilipotafuta kiwanja changu mwenyewe, na dalali akanizungusha mahali fulani nje ya mji akinionyesha vipande viwili vya ukubwa mmoja, futi hamsini kwa mia. Kimoja kilitazama barabara na kingine kilikuwa nyuma, penye unyevu. Aliponitajia bei, cha barabarani mara tatu ya cha nyuma, nilidhani amekosea. Akanitazama kwa huruma. "Madam, si kila mchanga ni mchanga," alisema, akiwasha pikipiki.

Nilisimama pale nikaiwaza ile kona ya shamba la Kuka. Nikamwona mama akigeuka huku na huku taratibu, mikono kiunoni, akipanga dirisha. Nikaelewa alichokitoa baba kwa maneno machache, na kwamba hakuwa amekitoa peke yake. Namba yangu ilikuwa sahihi mpaka unywele wa mwisho, na ilionyesha kwamba kimebaki kitu. Baada ya hapo haikuwa na kazi tena. Haikujua barabara ni nini, wala maji, wala miaka ambayo mwanamke amebeba beseni.

Lakini kuna jambo la mwisho, na hili nililielewa baadaye zaidi, usingizi uliponikataa usiku wa siku ile ya dalali.

Nyumba ya shangazi Roda ilikuwa na kasoro iliyotuchekesha sana utotoni. Chumba cha kulala kilikuwa kidogo mno. Kitanda kiligusa kuta zote mbili, na ili afungue mlango ilibidi apande kitandani. Cherehani ilikuwa miguuni pa kitanda, na mteja alipimwa akiwa amesimama mlangoni. Timona aliiita sanduku la kiberiti. Wakati huo huo, mbele, upande wa barabara, shangazi alikuwa ameacha veranda pana ya ajabu, karibu nusu ya nyumba yote, yenye paa zuri na benchi, na yeye mwenyewe hakuikalia hata siku moja. Alishona ndani, kwenye giza, mgongo ukigusa ukuta.

Aliyeikalia alikuwa mama. Wiki ile ile nyumba ilipoezekwa, shangazi alimtuma Wanjala Munyaka akamwite aje na beseni lake, na mama akaja, na akauza mandazi na chai pale kwa miaka yote iliyofuata, akiangalia njia. Sikumbuki hata mara moja nikiwasikia wakilizungumzia jambo hilo. Nilichukulia kwamba ni wanawake wawili wanaopenda kukaa karibu. Na kwa miaka mingi niliamini kwamba shangazi Roda, aliyejua mabega na viuno vya nusu ya Yamumbi bila kutazama tepi, alikosea vipimo vya nyumba yake mwenyewe.